Mpapai dume, jike au huntha: mwongozo kamili kuanzia kromosomu hadi shimo la kupandia

Mwaka wa kwanza nilipopanda mipapai kwa nia ya kuuza, nilinunua miche 60 kwa mtu wa kitalu aliyeniapia kwamba yote ni ya kuzaa. Nikapanda mmoja mmoja kila shimo, nikaimwagilia kwa ndoo kiangazi kizima. Mwezi wa sita maua yalipotoka, miche 28 ilining'iniza vishada virefu vya maua membamba. Ilikuwa madume. Karibu nusu ya shamba niliikata kwa panga langu mwenyewe, na jasho lote la kumwagilia likaenda na maji.

Yule muuzaji sidhani alikusudia kunidanganya. Hakuwa na njia ya kujua. Mche wa mpapai ukiwa kwenye kiriba hauna alama yoyote ya nje inayoonyesha jinsia. Lakini jinsia yenyewe imekwisha amuliwa tangu siku chavua ilipokutana na yai ndani ya ua, na mtu anayejua mbegu ilitoka papai gani, na papai hilo lilichavushwa na nani, anaweza kupiga hesabu ya shamba lake kabla hajachimba shimo hata moja. Hesabu hiyo ndiyo nataka tuijue vizuri. Inatokana na jozi moja ya kromosomu ambayo historia yake ni ya miaka milioni 7 hivi, na ukiielewa historia hiyo, tabia nyingi za mpapai zinazowashangaza wakulima zinaacha kuwa miujiza.

Hatua ya kwanza: jifunze kusoma ua

Usianze na mbegu, anza na ua, kwa sababu ndilo litakalokupa jibu shambani. Tafuta mpapai wowote wenye maua, uende asubuhi kabla jua halijawa kali.

Juzi nilichuma tumba moja kwenye mpapai ulio nyuma ya jiko letu. Lilikuwa na urefu wa kidole kidogo cha mkono. Nililipasua kwa ukucha wa kidole gumba kuanzia kwenye kikonyo hadi nchani, utomvu mweupe ukanitiririka kidoleni, na ndani nikaona vitu viwili. Katikati palikuwa na ovari, sehemu inayokua kuwa tunda, ya kijani kibichi, ndefu na nyembamba, juu yake kuna kitu kilichokunjamana kama upanga wa jogoo: hapo ndipo chavua hutua. Na kwenye koo la petali, pale zilipoungana kuwa mrija, palikuwa na stameni 10 za njano, yaani vijiti vinavyobeba chavua, zimepangwa safu mbili, tano ndefu na tano fupi. Ovari ipo, stameni zipo. Huo ni mpapai huntha, wenye jinsia zote mbili katika ua moja.

Jike ukilipasua utaona tofauti mara moja. Tumba lake ni nene, limetuna chini na kuchongoka juu. Petali zake tano zimeachana karibu hadi chini kabisa, na ndani hakuna njano yoyote, ni ovari ya duara peke yake. Maua ya jike hukaa karibu kabisa na shina, moja moja au machache pamoja kwenye kikonyo kifupi.

Dume hujionyesha hata ukiwa mbali. Vishada vyake huning'inia kwa urefu wa nusu mita hadi karibu mita nzima, vina maua mengi madogo yenye mrija mwembamba na harufu tamu jioni, wakati nondo wanapoanza kuruka. Pasua ua la dume utazame kwa makini: zimo stameni 10, na katikati yake kuna kisindano kidogo cheupe kisicho na kazi. Hicho ni ovari iliyonyimwa nafasi ya kukua. Kikumbuke, tutakirudia.

Kwenye mpapai huntha utakutana pia na ua lenye stameni 5 badala ya 10 na ovari fupi yenye mifereji mitano. Tunda lake huwa la mviringo lenye mistari kama limekazwa kwa kamba. Lisikuchanganye, bado ni huntha.

Sokoni, tunda lenyewe hutoa fununu. Papai la jike huwa la duara au yai nene, lenye uwazi mkubwa ndani. Papai la huntha huwa refu, mfano wa peasi au chupa, nyama nene. Wanunuzi wengi wa jumla na wale wa kusafirisha huagiza lile refu, kwa kuwa hupangika vizuri kwenye katoni.

Hatua ya pili: elewa kilichomo ndani ya mbegu

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanaparuka.

Kromosomu ni nyuzi za DNA zinazobeba jeni. Mpapai una kromosomu 18, yaani jozi 9, na jozi moja kati ya hizo ndiyo inayoamua jinsia. Jike lina XX. Dume lina XY. Huntha una X pamoja na Y ya namna nyingine kidogo, ambayo huandikwa Yh. Mambo haya hayakugunduliwa kwa darubini, kwa sababu X na Y za mpapai ukizitazama kwa darubini zinafanana. Yaligunduliwa kwa kuhesabu miche: mwaka 1938 Hofmeyr kule Afrika Kusini na Storey kule Hawaii, kila mmoja kwa njia yake, walichavusha maua kwa mkono, wakapanda mbegu, wakasubiri maua, wakahesabu. Kutokana na uwiano walioupata wakatambua kwamba kuna sababu tatu za kurithi zinazopokezana. Nalitaja hili kwa sababu mkulima yeyote mwenye daftari na subira anaweza kurudia kazi hiyohiyo.

Sasa, Y ilitoka wapi? Mimea mingi inayotoa maua haina miti dume na miti jike. Kwa makadirio, ni spishi kama 6 tu katika kila 100 zilizotenganisha jinsia hivyo. Nyingine hubeba ovari na chavua kwenye mti mmoja, mara nyingi kwenye ua moja. Kwa hiyo dume na jike wa mpapai ni watoto wa babu aliyekuwa na vyote viwili.

Njia ya kutoka kwa babu huyo hadi hapa ilielezwa vizuri mwaka 1978 na Deborah na Brian Charlesworth, wanasayansi wa Uingereza. Kwanza jeni moja ya kutengeneza chavua inaharibika. Mti wenye hitilafu hiyo kwenye kromosomu zote mbili za jozi hautoi chavua, unabaki na ovari tu: jike limepatikana. Kisha, kwenye kromosomu ambayo jeni yake ya chavua bado ni nzima, linatokea badiliko la pili, karibu na lile la kwanza, linalozima ovari: dume limepatikana. Lakini hapo kuna hatari. Kila kizazi, kromosomu za jozi hubadilishana vipande. Vipande vikibadilishana katikati ya jeni hizo mbili, unaweza kuzaliwa mti tasa, usio na chavua wala ovari. Miti ya namna hiyo haiachi kizazi. Kwa hiyo kinachodumu ni ile kromosomu ambayo sehemu yake hiyo imefungwa, haibadilishani na mwenzake.

Katika mpapai, kufuli lilikuwa kupinduka. Kipande cha kromosomu kilikatika, kikageuka kichwa chini miguu juu, kikajiunga tena. Baada ya hapo X na Y hazikuweza tena kulingana sehemu hiyo wala kubadilishana chochote. Mpinduko wa kwanza unakadiriwa kutokea miaka milioni 7 iliyopita, wa pili miaka milioni 1.9 iliyopita. Kwa kromosomu za jinsia huo ni ujana. Za wanadamu na mamalia wenzetu zina umri zaidi ya mara kumi ya huo.

Kilichofungiwa huchakaa. Ni kama daftari la duka linalonakiliwa mwaka baada ya mwaka bila kulinganishwa na nakala nyingine: kosa likiingia halitoki. Sehemu iliyofungwa ya Yh, waliposoma DNA yake na kuilinganisha na X mwaka 2012, ilikutwa na urefu wa herufi za DNA milioni 8.1, ilhali mwenzake kwenye X ana milioni 3.5 tu. Ziada hiyo si jeni mpya. Kwa sehemu kubwa ni vipande vya DNA vinavyojinakili na kujichomeka ovyo, ambavyo hakuna njia ya kuvifagia. Katika kuchakaa huko, Y imepoteza kitu ambacho kiinitete hakiwezi kuishi bila. X moja ikiwepo inatosha kufidia. Y mbili zikikutana, kiinitete hufa mapema, mbegu haikamiliki. YY, YYh na YhYh, zote hufa.

Halafu wakaja watu. Mpapai wa porini, kwao Amerika ya Kati, una madume na majike peke yake, huntha hayupo. Y ya dume na Yh ya huntha zimetofautiana kwa chini ya herufi moja katika kila 100, na tofauti hiyo ndogo inaonyesha kwamba ziliachana miaka 4,000 hivi iliyopita tu, wakati wakulima wa huko walikwisha anza kuchagua mbegu. Y ya porini inayokaribiana zaidi na Yh inapatikana kwenye mipapai ya pwani ya Pasifiki, kaskazini mwa Costa Rica. Maana yake ni hii: huntha ni dume lililorudishiwa ovari, na wakulima wa kale walipoona mti mmoja wenye tabia hiyo, wakaushika wasiuachie.

Kile kisindano cheupe ndani ya ua la dume ndicho kilichoamka.

Na jambo moja kwa faida yetu wa huku: ukoo wa mpapai una jenasi 6, yaani makundi ya spishi zinazokaribiana, na moja kati ya hizo, Cylicomorpha, ni ya Afrika. Ina spishi mbili tu, na mojawapo ni mti mrefu wenye miiba kwenye shina unaoota kwenye misitu ya milimani ya Afrika Mashariki. Nao una madume na majike. Watafiti wa ukoo huu wanaona ulianzia Afrika, ukavuka kwenda Amerika miaka milioni 35 hivi iliyopita. Papai lilipoletwa kwenye pwani zetu baada ya safari za Wareno na Wahispania, lilikuwa linarudi kwa mababu.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla ya kupanda

Ukishajua X, Y na Yh, na kwamba Y mbili hufa, hesabu yote inatoka yenyewe.

Jike likichavushwa na dume: nusu majike, nusu madume. Hii ndiyo mbegu ya mapapai mengi ya asili ya kijijini, na ndiyo nadhani niliyouziwa mimi.

Jike likichavushwa na huntha: nusu majike, nusu huntha. Hakuna dume hata moja. Kila mti utazaa.

Huntha ukijichavusha, au huntha kwa huntha: katika kila viini vinne, kimoja ni XX, viwili ni XYh, kimoja ni YhYh nacho hufa. Wanaobaki ni huntha wawili kwa jike mmoja. Hapa ndipo ujue pia kwamba hakuna mbegu ya huntha tupu inayojizalisha kwa kawaida. Ili mbegu zote ziwe huntha, mzazi mmoja angepaswa kuwa YhYh, na huyo hafiki kuzaliwa. Muuzaji akikuapia kwamba miche yake ya mbegu ni huntha asilimia mia, muulize ameipima vipi.

Huntha ukichavushwa na dume: jike mmoja, dume mmoja, huntha mmoja. Ni mbegu ya kubahatisha, iepuke. Kwa hiyo ukihifadhi mbegu za huntha, dume la jirani ni adui yako.

Kuna mimea ambayo Y mbili haziui. Asparaga ni mfano: huko YY huishi, na wazalishaji wa mbegu humtumia kama baba ili watoto wote wawe madume, ambayo ndiyo wanayoyataka. Mpapai umetunyima njia hiyo.

Hatua ya nne: tengeneza mbegu yako mwenyewe

Chagua mpapai huntha uliokomaa, unaozaa karibu na ardhi, wenye matunda yaliyopangana vizuri na ladha uliyoionja mwenyewe, na usio na majani yenye mabaka au kukunjamana, ambayo huwa dalili ya ugonjwa wa virusi. Kama mpapai huo ulitokana na mbegu chotara ya dukani, mfano Red Lady ya Taiwan, tambua kwamba watoto watakuwa mchanganyiko wa kila namna: hesabu ya jinsia itatimia, lakini umbo na utamu vitayumba. Mbegu ya aina iliyotulia, kama zile za ukoo wa Solo uliofika Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911, ndiyo inayofaa kuhifadhiwa.

Tafuta tumba la huntha lililokaribia kufunguka ila bado limefumba. Livishe mfuko wa karatasi, ule wa khaki wa dukani, ufunge mdomo kwa uzi bila kuubana mno. Mfuko wa nailoni usitumie, hutoa jasho na tumba huoza. Ua la huntha hujichavusha lenyewe, mara nyingi chavua imekwisha mwagika kabla hata petali hazijafunguka. Baada ya siku kama kumi petali zikianguka na kitunda kikionekana, vua mfuko, funga kitambaa chekundu au uzi wa rangi kwenye kikonyo, andika tarehe. Funika matumba sita au saba, kwa sababu mengine yataanguka.

Ukitaka kuchavusha jike kwa huntha, funika tumba la jike siku moja kabla halijafunguka, asubuhi likifunguka chuma ua la huntha lililotoka kufunguka, lipasue, upake stameni zake kwenye upanga wa jike, kisha funika tena kwa wiki moja. Huo ndio uchavushaji ninaoupenda kwa mtu anayeanza. Hakuna dume litakalozaliwa, na jike haliwezi kujichavusha likakuharibia hesabu.

Hatua ya tano: kitalu

Hii haina makuu. Papai likiiva vizuri mtini, toa mbegu, zisugue kwenye chekeche au kitambaa kigumu ndani ya maji mpaka ule utando wa jeli utoke wote, kwa kuwa ndio unaochelewesha kuota. Zianike kivulini siku mbili tatu. Panda mbegu mbili kila kiriba, kina cha sentimita moja hivi, kwenye mchanganyiko wa udongo, mboji na mchanga. Zitaota kati ya wiki mbili na nne. Miche ikifika sentimita 15 hadi 20 iko tayari kwenda shambani.

Usichague miche kwa unene ukidhani minene ndiyo ya kike. Unene huonyesha afya, jinsia hauonyeshi.

Hatua ya sita: miche mingapi kwa shimo?

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, umbali wa mita 2.5 hadi 3 kutoka shimo hadi shimo. Changanya udongo wa juu na samadi iliyoiva, debe moja au mawili. Mahali maji yanaposimama usipapande kabisa: mizizi ya mpapai ikikaa kwenye maji siku mbili tu, mti unaanza kufa.

Kisha usipande mche mmoja. Tuseme una mashimo 300 na mbegu ya huntha aliyejichavusha. Kila mche una nafasi ya theluthi mbili kuwa huntha. Ukipanda mmoja mmoja, mashimo kama 100 yatakuwa ya majike. Ukipanda miwili, mashimo yatakayokosa huntha ni kama 33. Mitatu, yanashuka hadi 11. Minne, yanabaki manne tu. Binafsi naishia kwenye mitatu: kuongeza wa nne ni miche 300 zaidi, maji zaidi na samadi zaidi, kwa faida ya mashimo saba, tena mashimo ambayo majike yake bado yatazaa.

Mbegu ya jike kwa dume ina hesabu tofauti. Mitatu kwa shimo, shimo moja katika nane litakuwa la madume watupu, yaani kama 37 kati ya 300. Wakulima wengi huacha dume moja kwa kila majike kumi hivi ili chavua itoshe. Kwa hiyo mashimo yako ya madume watupu ndiyo yatakayobeba kazi hiyo, na yakizidi au yakirundikana upande mmoja, ng'oa machache ujaze upya. Kwenye mashimo mengine yote acha jike.

Miche ya shimo moja ipande kwa umbo la mafiga, ikiachana kama sentimita 25, isikumbatiane mizizi.

Hatua ya saba: kupunguza

Maua ya kwanza huonekana miezi mitatu hadi sita baada ya kuhamishia shambani, kutegemea joto na matunzo. Kuanzia hapo pita shambani kila wiki. Usikate kwa kuangalia ua moja. Subiri mche utoe matumba matatu au manne, yapasue mawili, ndipo uamue. Nimewahi kukata huntha kwa haraka kwa sababu ua lake la kwanza lilikuwa na ovari iliyodumaa, na wiki mbili baadaye jirani yake wa shimo hilohilo akatoa jike. Hasara hiyo hairudishiki.

Mche ulioamua kuuondoa ukate kwa kisu kikali usawa wa ardhi. Usiung'oe, utaitikisa mizizi ya aliyebaki. Fanya kazi hii mapema, maana kila wiki ya kuchelewa dume linakula samadi ya mwenzake. Na wakati unapita, andika kwenye daftari: shimo namba fulani, huntha, jike, dume. Mwisho wa zoezi hesabu jumla. Kama ulipanda mbegu ya huntha aliyejichavusha na umepata madume, kuna chavua iliyopenya kwenye mfuko wako, au mbegu haikuwa uliyoambiwa.

Hatua ya nane: ua linapobadilika, usitaharuki

Msimu wa joto kali na ukame, huntha nyingi huanza kutoa maua yasiyo na ovari inayofaa. Yanadondoka, na kwenye shina linabaki pengo lisilo na matunda. Msimu wa baridi, hasa nyanda za juu, hutokea kinyume: stameni hujiunga na ovari, na tunda linatoka limepinda na kukunjamana kama uso wa paka. Maji mengi na mbolea nyingi ya naitrojeni huzidisha hali hiyo. Jike, kwa upande wake, halina mchezo, hutoa maua ya kike mwaka mzima.

Sababu tumekwisha iona. Huntha ni dume lililorudishiwa ovari, na urejesho huo ni wa juzi, miaka 4,000 tu. Joto likizidi, anaelekea kule alikotoka. Jike halina Y yoyote ya kulivuta. Kwa hiyo kwenye joto mwagilia mara kwa mara na tandaza majani makavu kuzunguka shina. Kwenye baridi punguza naitrojeni na yaondoe matunda yaliyopinda yakiwa bado madogo. Mahali pa joto la kupindukia au baridi ya muda mrefu, mimi ningechanganya majike ya kutosha badala ya kutegemea huntha peke yake.

Dume nalo lina ya kwake. Mara mojamoja utaona kishada kirefu kimening'iniza mapapai madogo nchani. Tangu utoto nimesikia dawa za kuligeuza dume: lipigwe msumari, likatwe kichwa, lifungwe kitambaa, litishiwe kwa panga alfajiri. Wazee wetu hawakuwa waongo. Waliona kweli dume likizaa baada ya kujeruhiwa, au baada tu ya msimu kubadilika, kwa maana uwezo wa ovari umo ndani yake umelala. Ila kromosomu haikuguswa. Kesho ua litarudi kuwa la kiume, na mbegu za matunda hayo, kama limejichavusha, zitatoa madume wawili kwa kila jike mmoja. Usizihifadhi.

Hatua ya tisa: ukitaka uhakika bila kusubiri ua

Njia zipo mbili. Ya kwanza ni kipimo cha DNA: kipande cha jani la mche hupelekwa maabara, wanatafuta alama iliyomo kwenye Y na Yh tu. Ikikosekana, mche ni jike. Kwa mbegu ambayo haina dume katika ukoo, alama ikionekana basi ni huntha. Kwa mkulima wa miche 50 gharama haimlipi. Kwa kitalu kikubwa, ulizia kwenye chuo kikuu au kituo cha utafiti wa kilimo chenye maabara ya vinasaba.

Ya pili unaweza kuifanya nyumbani, nayo ni kubebesha, yaani kuunganisha kichipukizi cha mti mmoja juu ya shina la mche mwingine. Kichipukizi kilichokatwa kwa huntha hubaki huntha, hakuna kura inayopigwa upya. Wenye mitende wanalijua hili tangu zamani. Mtende nao una X na Y, na mbegu zake hutoa nusu madume, kwa hiyo wakulima wa Oman na Ghuba hupanda machipukizi yaliyong'olewa chini ya mama anayejulikana, kisha hupanda juu kumchavusha kwa mkono kwa chavua ya madume wachache. Mkindu wetu, huu wa kusukia mikeka, ni wa jenasi hiyohiyo ya mtende, na madume wake hawatoi kindu hata ukiisubiri miaka.

Mpapai hautoi machipukizi chini, basi uyalazimishe. Kata kichwa cha huntha mzuri uliokwisha kukuonyesha matunda yake. Pakaze jeraha majivu au nta, ulifunike maji yasituame ndani ya shina lenye uwazi. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vitatoka pembeni. Kikifikia unene wa penseli, kikate kwa wembe uliochovywa kwenye spiriti, punguza majani yabaki mawili madogo, kichonge mwisho kama kabari. Chukua mche wa kitaluni wenye unene uleule, wa jinsia yoyote, ukate juu, upasue katikati sentimita mbili, ingiza kabari, funga kwa utepe wa nailoni, kisha vika mfuko mwangavu na uweke kivulini. Majani mapya yakianza kujitokeza, toboa mfuko kidogokidogo siku mbili tatu kabla ya kuuvua. Mche huo panda mmoja tu kwa shimo.